Kuuza mashua ya tanga iliyozeeka: mwongozo kamili, tangu kupweleka hadi kukabidhi kana

Mashua ya marehemu baba iliundwa Matondoni, hapa Lamu, mwaka 1987, futi 27, mataruma (mbavu zake) ya mkoko, na haikupata kulala nchi kavu msimu mzima. Nilipotangaza kuwa naiuza, barazani nikaulizwa na watu watatu kwa siku moja: "Kwani kuna nini?" Lamu mtu akiuza chombo hudhaniwa ana deni, au ana maradhi, au chombo chenyewe kina jambo. La deni na la maradhi yatapita. Hilo la tatu ndilo litakalomkosesha mnunuzi usingizi, na akikosa usingizi yeye, bei yako inashuka.

Anayenunua mashua kuukuu ananunua mbao asizoziona. Nyingine ziko chini ya maji, nyingine nyuma ya rangi, nyingine zimefunikwa na farumi, yale mawe au mchanga wa kukitia chombo uzito chini. Kazi ya muuzaji, tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho, ni kumwonyesha. Nimeuza mashua moja na kununua mbili maishani, na ya kwanza kununua ilinifunza zaidi: rangi mbichi, nzuri, bluu ya kupendeza, na nyuma yake mbao nne zilizoliwa na wadudu mpaka zimebaki kama sega la nyuki. Aliyeniuzia simtaji. Lakini tangu hapo nikiona chombo kimepakwa rangi juzi na kinauzwa leo, natafuta nyundo.

Chombo ni cha nani?

Anza hapa kabla hujamwambia mtu bei. Vyombo vingi vya pwani vina wenyewe wengi: ndugu wawili walichanga, au baba alikufa na mashua ikaendelea kuvua kwa jina lake miaka kumi. Kama ni ya urithi, basi si yako wewe unayeiendesha. Ni ya warithi wote, pamoja na dada aliyeolewa Mombasa na mama anayekaa ndani hajui hata mashua imefungwa wapi. Kwa Waislamu, mjane aliyeachwa na watoto ana thumuni yake, na binti ana nusu ya fungu la mwana wa kiume. Nenda Mahakama ya Kadhi mapema, mirathi igawanywe kwa maandishi, halafu kila mrithi atie saini karatasi ya kukubali kuuza na kukutaja wewe kuwa wakili wao katika mauzo hayo.

Mimi nililifanya hili mwisho badala ya mwanzo. Mnunuzi alikuwa ameshatoa arubuni, ndipo ndugu yangu mmoja akasema yeye hauzi. Hakuwa na haja na mashua, alitaka kuulizwa tu. Wiki tatu zilipita tukiombana radhi, na mnunuzi akisubiri gatini kama anayesubiri mgonjwa.

Je, bado ni chombo, au ni mbao?

Swali hili ni gumu kwa mwenye mapenzi na chombo chake. Mashua ikifika umri fulani, gharama ya kuirudisha baharini hupita bei yoyote utakayopewa. Mkuku, ule uti wa chini wa chombo, ukishavunjika mgongo, au fashini, nguzo za omo (mbele) na za tezi (nyuma), zote zimeoza, fundi mkweli atakwambia: "Hapa unaunda mashua mpya kidogo kidogo." Ukifika hapo, uza mbao. Lamu na Unguja kuna maseremala wanaotengeneza meza, viti na fremu za vioo kwa mbao za majahazi makuukuu, na mbao iliyokaa baharini miaka thelathini ina rangi na makovu ambayo mbao mpya haina. Wapo pia wenye hoteli wanaotaka mashua nzima waiweke bustanini.

Najua wazee wanaoona hiyo ni aibu. Mimi naona aibu iko kumuuzia kijana mwenye watoto chombo kilichokufa, ukamwambia "kinahitaji kalafati tu", yaani kuzibwa mishono. Ila mwambie mnunuzi wako wazi ni lipi unaloliuza, na kama ni mbao, ng'oa namba za usajili na uziripoti, asije mtu akaitia tena majini kwa jina lako.

Majira ya kuuza

Usiuze katikati ya Kusi. Kuanzia Juni hadi Agosti bahari ya nje ni chafu, vyombo vingi viko juu vinatengenezwa, na mnunuzi anajua unalipa fundi bila kuingiza kitu. Wakati mzuri ni Demani, upepo wa Kusi unapoanza kulegea, Septemba na Oktoba. Mvuvi anataka chombo kabla ya Kaskazi kuingia, na mwenye kubeba wageni anataka kiwe tayari kabla ya Desemba. Ukitangaza Februari, msimu umeshamwendea nusu na atakukata bei kwa hiyo nusu.

Kupweleka na kukagua

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Fanya ukaguzi huu wewe mwenyewe, na fundi wako, kabla ya mnunuzi kuja. Ukiujua ugonjwa wa chombo chako kabla yake, utaupanga katika bei kwa utulivu. Akiugundua yeye, atakudai maelezo mbele ya watu.

Kupweleka ni kukiacha chombo kikae mchangani maji yakipwa. Chagua siku kwa mwezi. Bamvua, maji makubwa ya kujaa na kupwa, huja baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu. Pwani yetu, maji ya bamvua hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa karibu saa nne. Kwa hiyo ukipweleka mashua kwenye maji ya alfajiri, kufikia saa tatu asubuhi unatembea kuizunguka kwa miguu, na una saa tatu nne za mwanga kabla maji hayajarudi. Ila pweleka wakati maji yanaongezeka siku hadi siku, sio yakishaanza kupungua. Ukipanda juu kabisa siku ya maji makubwa kuliko yote, maji ya kesho hayatakufikia, na utakaa mchangani wiki mbili ukingojea bamvua nyingine.

Toa farumi yote kwanza. Watu huiacha kwa sababu mawe ni mazito, na mbao zilizo chini ya mawe ndizo zisizoguswa na mtu miaka kumi. Osha ngama, sehemu ya chini ndani ya chombo, mpaka uone mbao. Halafu laza chombo ubavu mmoja, ukikague, na maji yajayo ukilaze ubavu wa pili.

Wazee husema chombo huliwa kutoka chini na kuoza kutoka juu. Ni kweli, na sababu zake ni mbili tofauti. Chini kuna mdudu wa majini anayetoboa mbao. Anaingia akiwa mdogo, tundu lake kichwa cha pini, kisha anakua ndani akifuata mbao kwa urefu. Nje utaona uso mzima, ndani pamekuwa mahandaki. Hupenda kuingilia mahali palipochubuka rangi: chini ya mkuku, na pale chombo kinaposugua mchanga kila siku. Juu, adui ni maji ya mvua. Maji ya chumvi huihifadhi mbao. Maji matamu huiletea kuvu. Ndiyo maana mashua iliyofungwa Masika nzima bila kufunikwa kwa makuti huoza kwenye vichwa vya mataruma na penye viungio ambapo mvua hutuama, ilhali chini iko salama.

Chukua nyundo ndogo na upige kila ubao, kila futi moja, tangu omo hadi tezi. Mbao nzima hulia ko, ko. Iliyoliwa hulia bu, kama unagonga dafu. Ukisikia hivyo, ingiza ncha ya bisibisi. Ikizama bila nguvu, weka alama ya chokaa. Usiifute hiyo alama. Siku ya mnunuzi itakusaidia.

Kisha misumari. Ukiona machozi ya kutu yanashuka kutoka kichwa cha msumari, mwambie fundi ang'oe mmoja au miwili. Msumari uliobaki mwembamba kiunoni unakwambia kuwa wenzake wako hivyo hivyo, na kuwa mbao iliyouzunguka imelegea. Kubadili misumari ni kazi ya siku nyingi, lakini si kifo.

Mkuku upime kwa uzi. Funga uzi omo, uuvute mpaka tezi pembeni mwa mkuku ukiwa umekazwa, na uangalie kama mkuku unaondoka kwenye uzi katikati. Vyombo vizee hushuka mbele na nyuma na kuinuka tumboni. Vidole viwili katika chombo cha futi 27, fundi wangu aliniambia niseme na niendelee. Kiganja kizima, ni habari nyingine.

Mwisho angalia usukani. Bawaba zake zikicheza, utausikia usukani ukigonga usiku kila wimbi linapopita, na mnunuzi mwenye sikio atausikia pia.

Nini utengeneze, nini uache

Tengeneza kile kinachozuia chombo kuelea na kwenda: kalafati, bawaba za usukani, ubao mmoja au miwili iliyotoboka. Kalafati ifanywe na mtu wa kazi, pamba iliyosokotwa ikatiwa mafuta na kupigwa ndani ya mshono kwa patasi na nyundo ya mti. Chini choma kwa makuti makavu kuua kilichojificha, kisha paka. Wazee walipaka deheni, shahamu iliyochanganywa na chokaa, na bado wapo wanaoipaka. Wengine siku hizi hununua rangi yenye shaba. Zote zinafaa zikirudiwa kwa wakati.

Usipake rangi ya juu. Najua inavutia kwenye picha. Lakini mnunuzi anayejua bahari akiona rangi mbichi atafanya kama nilivyofanya mimi, atatafuta nyundo, na zaidi ya hapo atakuwa ameshaanza kukushuku. Osha, kwangua palipobanduka, acha mbao ionekane. Kama ubao fulani una alama yako ya chokaa na hukuutengeneza, uache hivyo hivyo na utaje gharama yake. Dini nayo inafahamika: muuzaji anapaswa kuitaja aibu ya bidhaa yake, na Mtume alipotia mkono katika chungu ya nafaka sokoni na kuikuta imelowa chini, alisema anayeghushi si katika sisi. (Barazani kuna mzee husema chombo pekee kilichotiwa aibu kwa nia njema ni kile alichokitoboa Khidhri, mwenzake Nabii Musa safarini, ili mfalme asikipore. Chako hakina mfalme anayekinyemelea.)

Tanga, foromali na kamba

Tanga lilazwe mchangani, likunjuliwe lote. Jua huua uzi kabla ya kitambaa, kwa hiyo anza na mishono: shika pande mbili za mshono na uvute kwa nguvu ya vidole. Ukifumuka kama karatasi, tanga zima linataka kushonwa upya. Kitambaa chenyewe kikunje na ukibane kwa kidole gumba. Kikipasuka, usilihesabu tanga hilo katika bei, lihesabu kama turubai la kufunikia. Madoa meusi ya ukungu yanaonyesha lilikunjwa likiwa bichi.

Foromali, mti unaobeba tanga, huwa vipande viwili vitatu vilivyounganishwa na kufungwa kamba. Kagua vile vifungo. Mlingoti uangalie pale unapoingia kwenye kikao chake, maji hukaa hapo. Henza (kamba ya kupandishia foromali), demani (hapa ni kamba ya kushikia tanga, si majira) na makapi yapange mchangani na uyahesabu. Ukiwa na kapi la akiba la mti, liweke juu kabisa. Wanunuzi hulipenda kuliko unavyodhani.

Bei

Bei ya mapenzi haipo sokoni. Baba alinifundisha kushika kana, mkono wa usukani, humo, na hilo halina shilingi. Hesabu kwa njia mbili kisha uzilinganishe.

Njia ya kwanza: uliza Matondoni leo kuunda mashua mpya ya urefu wako kunakula kiasi gani, mbao, misumari, ufundi na tanga. Toa kila kitu ambacho mnunuzi atalazimika kukifanya ndani ya mwaka mmoja. Kisha toa tena kwa ajili ya umri, maana mataruma ya miaka thelathini hayana miaka thelathini mingine. Kwa mfano wa hesabu tu: kama mpya ni 900,000, na misumari, tanga na mbao mbili vitakula 250,000, umebaki na 650,000. Hapo ndipo umri unaanza kula. Mimi nilikata theluthi.

Njia ya pili ni ya wavuvi na naiamini zaidi. Mapato yakigawanywa, mabaharia wana mafungu yao, nyavu zina fungu lake, na chombo kina fungu lake. Fungu la chombo la misimu miwili iliyopita, ukitoa matengenezo, ndilo linalomwambia mnunuzi pesa yake itarudi baada ya muda gani. Kama unalo daftari la mapato, limeshakuwa na thamani. Kama huna, waulize mabaharia wako mbele ya mnunuzi, usiwafundishe la kusema.

Mashine kama ipo, iuze kando. Injini ya farasi 15 ina bei yake sokoni ambayo kila mtu anaijua, na ukiichanganya na chombo, mnunuzi ataichukua kwa bei ya bure na kukuachia ubishi juu ya mbao.

Kutangaza

Hili ni fupi. Waambie mafundi kwanza, maana wao ndio wanaojua nani ameuliza bei ya mashua mpya akashtuka. Kisha diko, pale wavuvi wanaposhukia, kisha makundi ya WhatsApp. Piga picha ikiwa imepwelea, si ikiwa imetweka tanga tu: mkuku, ngama tupu, alama za chokaa, namba ya usajili, tanga lililotandazwa. Taja urefu, mwaka, fundi aliyeiunda kama yu hai na anakubali kuulizwa, na mbao zilizobadilishwa. Ukimtumia dalali, patana naye mapema udalali ni kiasi gani na nani anaulipa, na umwambie hana ruhusa ya kusema lolote juu ya hali ya chombo. Hilo ni lako.

Siku ya mnunuzi

Mwite siku ya bamvua, saa mbili asubuhi, na umwambie aje na fundi wake. Ukimwona anakuja peke yake, mshauri mwenyewe akamlete. Wewe simama kando. Acha fundi wake apige nyundo. Akifika kwenye alama ya chokaa, atakuuliza, "Ami, hapa pana nini?" Mwambie ulichokikuta, lini, na fundi wako alisema itagharimu kiasi gani. Mnunuzi wangu aligonga chombo saa nzima na hakukuta tundu hata moja ambalo sikuwa nimeliweka alama. Kuanzia hapo tulipatana bei kwa muda usiotosha kunywa kahawa vikombe viwili.

Maji yakirudi, mwende mkajaribu. Lakini kama mashua imekaa kavu siku nyingi, muonye: mishono imefunguka kwa jua, na siku ya kwanza itavuja. Mbao zinahitaji kunywa maji zifure. Iache majini siku mbili tatu ndipo mwende. Mnunuzi asiyejua hili atakimbia akiona maji yanapanda ngamani, na hana kosa.

Mkiwa baharini, mpe yeye au nahodha wake kana tangu mwanzo. Mwende mkondo wa Lamu na Manda hadi nje ya Shela, muonje mawimbi ya bahari kuu kidogo. Abishe, aone chombo kinapanda upepo kiasi gani na kinasogea pembeni kiasi gani. Apishe foromali mara mbili tatu, maana hapo ndipo kamba mbovu hujitoa. Amwambie baharia akae kwenye ubao wa upande wa joshi, unakotoka upepo, aone ubao haulii. Kabla ya kuondoka kausha ngama kabisa, na mkirudi mhesabu pamoja mmefua maji mapo mangapi (upo ni chombo cha kutekea maji ya ngamani). Hiyo namba iandikeni. Mashua yetu ilikuwa mapo 20 kwa safari ya saa mbili. Si haba kwa umri wake, lakini ni vizuri ijulikane, ili siku ikifika 60 ajue kuna kitu kimebadilika.

Pesa na karatasi

Hati ya mauzo iandikwe, hata ukimuuzia binamu. Iwe na majina kamili na namba za vitambulisho vyenu, namba ya usajili wa chombo, urefu, orodha ya kila kifaa kinachokwenda nacho (tanga ngapi, nanga ngapi, makapi, mapo, jaketi za kujiokolea), bei kwa tarakimu na kwa maneno, na sentensi moja inayotaja kasoro zote ulizomwonyesha na kwamba amezikubali. Sentensi hiyo inakulinda wewe kuliko zote. Mashahidi wawili, mmoja kutoka kila upande. Kwa wakili ni bora zaidi.

Kenya, usajili wa vyombo vidogo uko chini ya Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA, nanyi mwende pamoja kubadilisha jina. Usimwachie mnunuzi akaifanye kazi hiyo kwa wakati wake. Chombo kikizama au kikikamatwa na shehena haramu kikiwa bado na jina lako, wa kwanza kutafutwa ni wewe. Kama ni cha uvuvi, iarifu pia BMU, kamati ya wavuvi ya diko lako, na ofisi ya uvuvi, leseni ibadilishwe. Mnunuzi akitoka upande wa Tanzania, bara atashughulika na TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli, na Zanzibar na mamlaka yao ya usafiri wa baharini, na mambo ya forodha ayamalize kabla hajang'oa nanga. Andikeni katika hati kwamba ni jukumu lake.

Arubuni: ichukue, lakini muandike inarudi au hairudi, na katika hali gani. Sisi tuliandika kuwa inarudi yote kama mirathi ingekwama, na hairudi kama yeye angebadili nia. Kilichotokea kwa ndugu yangu unakijua. Lau hatukuandika ningekosana na watu wawili badala ya mmoja.

Malipo makubwa yapitie benki. M-Pesa ina kikomo cha shilingi 250,000 kwa muamala mmoja, na zaidi ya hapo utajikuta unapokea vipande vipande. Ukilipwa kwa simu, angalia salio lako mwenyewe, usitazame ujumbe unaoonyeshwa kwenye simu ya mwingine. Akitaka kulipa kwa mafungu, kubali ukipenda, lakini aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, haikuteremka bure: deni liandikwe, muda utajwe, mashahidi wawepo. Na usajili usibadilike mpaka fungu la mwisho.

Kukabidhi

Nunua daftari la shilingi hamsini na uandike kila unachokijua. Mimi niliandika kurasa kumi na moja. Ubao wa tatu upande wa kushoto kutoka mkukuni ulibadilishwa mwaka 2014, ule wa nne haujabadilishwa. Farumi yake ni magunia tisa ya mchanga, na ukibeba watu zaidi ya sita, punguza mawili ya nyuma. Haipendi kubisha ikiwa na tanga kubwa upepo ukizidi, badilisha mapema. Nanga ndogo haishiki kwenye matope ya mlango wa Mkanda. Kuna msumari mmoja ngamani unaochana suruali, nimeupiga mara tatu na hurudi.

Macho ya omoni, yale mabamba mawili ya mti yaliyochongwa, mnunuzi aliniuliza kama ninayataka niyaweke ukumbini. Nilimwambia yabaki. Chombo kisichoona kinakwenda wapi? Nilichukua upo wa zamani wa baba tu, na nikampa mpya.

Safari ya kwanza nenda naye, na ya pili. Ya tatu usiende hata akikuomba. Nyumbani, simu yako iwe wazi bamvua ya kwanza nzima. Wangu alipiga saa tano ya usiku, mashua ilikuwa imekaa mchangani wiki moja kwake na sasa imerudi majini, na maji yanapanda. Nikamuuliza yanatoka wapi. Akasema kila mahali. Nikamwambia afue, afunge, alale, na asubuhi afue tena. Siku ya tatu alinitumia picha ya ngama, kavu, na yule msumari umeng'olewa.